Bunduki yangu ya kwanza imeanza kutawanya risasi. Nani aliwahi kuiacha ya kwake, na aliiachaje?

Mzee wa Itigi

Wakuu, heshima zenu. Walionizidi umri, shikamooni.

Nina bunduki ya Brno ZKK 600, ya risasi za 30-06, ya Chekoslovakia, enzi nchi ile haijagawanyika. Ndiyo bunduki yangu ya kwanza ya kuwindia, na kwa miaka mingi sikuwa na nyingine. Sasa imeanza kutawanya risasi. Zamani, mita mia, nikiwa nimeilaza juu ya gunia la mchanga, risasi tatu nilikuwa nazifunika kwa kizibo cha soda. Siku hizi nashukuru zote zikiingia kwenye sahani. Mwanangu wa pili, ambaye ndiye mwenye gari la kunifikisha porini, keshatoa hukumu: "Mzee, hicho chuma kistaafu."

Mpya ninayo. Nilichukua bunduki ya risasi nene zaidi, .375, baadaye kwa ajili ya nyati, maana kanuni za kwetu zinataka kwa nyati, simba na tembo usishuke chini ya hapo. Inafanya kazi yake, sina neno nayo. Ila nikiishika naona kama ya kuazima.

Hii Brno ilikuwa ya mjomba wangu, Mkimbu wa upande wa Rungwa aliyeajiriwa reli hapo Manyoni. Aliipata kabla serikali haijafunga uwindaji mwaka 1973. Pori likafungwa mpaka 1978, na muda wote huo hakupiga hata ndege, lakini kila Jumapili baada ya misa aliitoa sandukuni, akaifuta kwa mafuta ya cherehani, akairudisha. Mkaza mjomba alikuwa akipita anasema mke mwenzake anaogeshwa.

Pori lilipofunguliwa akanichukua niwe namfuata. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kubeba maji. Ya pili kunyamaza. Kupiga kulikuja mwisho kabisa, tena kwenye debe, kwa risasi moja tu: ukikosa, somo limekwisha mpaka Jumapili nyingine. Hadi leo sijui kupiga risasi ya pili harakaharaka, na sijaona hasara yake. Mwaka 1991 mtoto wa jicho ulipomzidi, alikwenda polisi kwa miguu yake kurudisha leseni, nami nikaomba ya kwangu kwa bunduki ileile. Siku nilipoipata hakuniambia hongera. Aliniambia, "Usimwazime mtu."

Na kuna jambo walioshika Brno za zamani wanalijua. Kufuli yake ya usalama inakwenda kinyume na bunduki nyingi. Ukiisukuma mbele umefunga, ukiivuta nyuma iko tayari. Kidole gumba changu kimejifunza hivyo na hakitaki habari nyingine.

Bei naijua, sihitaji msaada hapo. Nataka kusikia kutoka kwa waliokwisha kuachana na bunduki zao za kwanza. Mlifanyaje?

Dogo wa Sinza

Shikamoo mzee. Chuma ni chuma. Uza, ongeza hela, funga darubini ya maana kwenye .375, maisha yaendelee. Mbona simu yako ya kwanza hukuitunza?

Mzee wa Itigi

Marahaba. Simu ya kwanza haikunifundisha kunyamaza. Ilinifundisha kinyume chake.

Kinyonga

😂😂 Dogo kapigwa ya mita mia. Naweka kambi hapa.

Fundi Mtutu

Mzee, kabla hujaizika tuulizane kwanza.

Mtutu wa 30-06 unahitaji risasi elfu kadhaa ndipo uchoke kwa kupigwa. Mwindaji wa leseni, mwenye wanyama wachache kwa msimu, hafiki huko hata aishi miaka mia. Kwa hiyo hiyo hukumu ya kijana wako mimi siipokei haraka. Mitutu mingi ninayoletewa imeliwa na kutu, hasa ya watu wa pwani na ya wale waliotumia risasi za kijeshi za zamani. Fataki za risasi zile zinaacha chumvi ndani ya mtutu. Chumvi inavuta unyevu, na mtu anapaka mafuta juu yake akidhani amesafisha. Chumvi inaondoka kwa maji ya moto. Mafuta yanafuata baadaye, mtutu ukishakauka.

Ya kwako nashuku jambo jingine. Umesema mafuta ya cherehani. Kwa nje, sawa kabisa. Ndani, kila risasi inayopita inaacha utando mwembamba wa shaba kwenye ile mikondo inayoizungusha, na utando huo mafuta hayaugusi. Unajijenga mwaka baada ya mwaka mpaka mtutu unakosa msimamo. Tafuta dawa ya kuyeyusha shaba, ile yenye harufu ya amonia. Lowesha kitambaa, pitisha, subiri dakika chache, pitisha kikavu. Kikitoka na rangi ya bluu, hiyo ndiyo shaba. Rudia mpaka kitoke cheupe, halafu kausha, halafu mafuta. Usiache dawa ilale humo usiku.

Kisha niambie: mdeki, ule ufito wa kusafishia mtutu, mlikuwa mnauingizia wapi, nyuma au mdomoni?

Mzee wa Itigi

Mdomoni. Tangu enzi za mjomba.

Fundi Mtutu

Ndiyo nilivyohofia. Brno unaweza kuchomoa komeo lote ukasafishia kwa nyuma, lakini wazee wengi walizoea magobore, na gobore halina mlango wa nyuma. Mdeki ukipita mdomoni miaka mingi unasugua ukingo, na ukingo ule ndio kitu cha mwisho risasi inachokigusa kabla haijatoka. Ukilika upande mmoja, moshi wa baruti unatangulia kutokea upande huo na kuipiga risasi kikumbo.

Chukua kipande cha pamba, kizungushe taratibu kwenye ukingo. Kikinasa nyuzi mahali, pana jino. Unachongwa upya, ni kazi ya asubuhi moja kwa fundi mwenye leseni. Nasema tena, mwenye leseni. Halafu kaza skrubu za kitako. Usicheke, nusu ya bunduki "zilizochoka" zinapona hapo.

Mstaafu wa Pori

Nimeusoma uzi huu mara mbili. Nimetumika wanyamapori ujana wangu wote, na sisi askari hatukuwa na kitu kinachoitwa bunduki yangu. Unasaini asubuhi, unarudisha jioni. Lakini mtu ni mtu. Ghalani kwetu kulikuwa bado na .404 Jeffery zilizobaki tangu idara ya wanyama ya Tanganyika, zile walizopewa askari wa kufukuza tembo mashambani. Kwa macho zilifanana zote. Kila mmoja wetu alikuwa na namba yake kichwani. Mimi nilikuwa nawahi ghalani kabla jua halijatoka ili mwenzangu fulani asinitangulie kusaini namba ninayoitaka, naye akagundua, akaanza kulala kambini.

Ile bunduki sikuwahi kuimiliki hata kwa dakika moja, na siku ilipoandikwa kuwa mbovu, ikapelekwa makao makuu, sikula.

Sasa Mzee wa Itigi, niruhusu nikukoromee kidogo. Umeliandika suala la kidole gumba kama jambo la kuchekesha. Mimi limenitisha. Una bunduki mbili, moja inafunguka kwa kuvuta, nyingine kwa kusukuma. Nyati aliyejeruhiwa akitoka kichakani, na vichaka vya Itigi tunavijua sote, huoni mita kumi mbele, hakuna kufikiri pale. Kidole kitafanya kilichozoea. Kitaivuta .375 nyuma, na hapo utakuwa umeifunga mwenyewe. Utavuta triga isitoke kitu. Nimeona watu wazima wakifyatua bunduki iliyofungwa na kuitazama kwa mshangao, na hao walikuwa na bunduki ya aina moja tu.

Kwa hiyo ukibaki na zote mbili, kila jioni chukua .375 tupu, hakikisha ni tupu, angalia tena kuwa ni tupu, halafu funga na fungua gizani mpaka kidole kikubali. Hujaweza hilo, basi pigia 30-06 swala na ngiri wako, na nyati waachie wengine.

Mzee wa Itigi

Mkuu, neno lako zito. Nimelipokea, na leo jioni naanza.

Mwana Nanyuki

Wadau, niwasalimie kutoka Kenya. Sisi huku mazungumzo haya tumebaki kuyasikia kwa wazee pekee. Uwindaji ulipigwa marufuku Mei 1977 na haujarudi.

Babu yangu alikuwa mbeba bunduki wa mwindaji wa kulipwa, Mzungu. Kazi yake ilikuwa kutembea hatua moja nyuma ya bega akiwa na .470 ya mitutu miwili, na kuiweka mkononi mwa tajiri bila tajiri kugeuka. Aliisafisha, aliibeba, alilala nayo hemani. Hakuwahi kuipiga. Tangazo la 1977 lilipotoka, yule Mzungu alifunga virago akaenda zake, na bunduki ikaenda naye. Babu alibaki na ganda moja tupu. Alikuwa akilitumia kupimia ugoro. Tulipomuuliza bunduki ilikuwa nzuri kiasi gani, hakusema inapiga mbali ama inapiga sana. Alisema, "Ilikuwa inakaa." Akionyesha begani.

Kwa hiyo mimi nauliza, hiyo ilikuwa bunduki ya nani haswa?

Na kwa wapenda historia: Nyeri hapa amezikwa Jim Corbett, yule aliyewinda chui na chui milia walaji watu kule India. Alihamia Kenya 1947 akafia huku 1955. Baada ya kumuua yule chui milia jike wa Champawat mwaka 1907, ambaye inasemekana alikuwa ameua watu 436, mtawala wa jimbo alimzawadia bunduki ya Rigby .275, ikiwa na kibao cha fedha kwenye kitako kinachoeleza sababu. Bunduki hiyo leo iko mikononi mwa kampuni ileile iliyoitengeneza, London, watu wanakwenda kuipiga picha. Lakini hiyo haikuwa ya kwanza kwake. Ya kwanza ilikuwa gobore la mitutu miwili alilopewa akiwa mtoto, mtutu mmoja umepasuka, kitako kimefungwa kwa waya wa shaba. Kwa vile mtutu mmoja ulikuwa umekufa, alijifunza kupiga mara moja tu. Sawa na Mzee wa Itigi na Jumapili zake. Hiyo ya waya hakuna aliyeiwekea kibao.

Kinyonga

"Ilikuwa inakaa." Babu kamaliza.

Mjukuu wa Urambo

Mmegusa magobore, sasa nipeni nafasi.

Unyamwezini bunduki ziliingia na misafara ya pembe, Bagamoyo hadi Tabora hadi Ujiji. Wapagazi walirudi na korofindo na za gumegume, zile zinazowashwa kwa jiwe la cheche, kama wengine walivyorudi na nguo. Kisha mwaka 1890 mataifa ya Ulaya yakakaa Brussels yakaandika mkataba wa kuzuia bunduki za kisasa kuingia sehemu kubwa ya Afrika, yakaachia zile za gumegume zisizo na mikondo ndani ya mtutu. Ndiyo sababu mojawapo bunduki za kizamani zilidumu kwa wazee wetu muda mrefu hivyo, wakati kwa wenzetu zimeshakuwa mapambo. Watu wanasema Mwafrika anapenda gobore. Gobore ndilo aliloruhusiwa.

La babu lilikuwa la fataki, refu kunizidi kimo, limepigwa viraka vya bati mpaka huoni mbao. Kulijaza ilikuwa shughuli: baruti, kitambaa, shindilia kwa mdeki, gololi, kitambaa, shindilia tena, fataki. Mnyama anakungoja? Hakungoji. Kwa hiyo babu hakuwa mpigaji, alikuwa mkaaji. Anakaa kwenye kichuguu tangu alfajiri na jambo moja la kufanya.

Lilikuwa halina karatasi yoyote. Serikali ilipotoa msamaha wa kusalimisha silaha kwa hiari mwaka 2023, baba akaitisha kikao, tukabishana mpaka usiku. Mashangazi walitaka lizikwe kaburini kwa babu. Baba akakataa, akasema babu hakuwa mwizi, mali yake haifichwi ardhini. Likapelekwa kituoni limefungwa kwenye shuka. Askari aliyelipokea alikuwa kijana mdogo, akauliza, "Hili nalo linafyatuka?" Baba akaona ametukanwa. Nyumbani hakuongea mpaka kesho yake.

Mdeki tulibaki nao. Unatumika kuchokolea maembe.

Mama Kiluvya

Wakaka na wazee, naomba mnivumilie, mimi sijawahi kupiga bunduki na sina hamu. Nazungumza kama binti aliyeachiwa.

Baba yangu alikuwa mwalimu. Bunduki yake ya kwanza, na ya mwisho, ilikuwa ya marisau, mtutu mmoja, aliinunua kwa mshahara. Kanga na kwale tuliokula utotoni walitoka humo. Alipofariki, baada ya arobaini ukoo ukakaa kugawa. Shamba, ng'ombe, baiskeli, redio, kanzu. Ikafika zamu ya bunduki. Baba mdogo akasema kwa sauti ya kufunga mjadala: hiyo ni ya mtoto wa kiume mkubwa. Watu wakaitikia.

Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi wa mirathi. Nikawaambia, vyote mmegawa sawa, hiki hakigawiki. Shamba baba alilimiliki. Bunduki alikuwa na leseni nayo, na leseni ilikuwa ya mtu, yule tuliyemzika. Kaka hawezi kuirithi hivihivi, anaweza kuiomba tu. Nilionekana nimevaa suruali kwenye kikao cha wanaume.

Tukaipeleka polisi, tukaandikiwa, ikaingia ghalani. Kaka akaelezwa kwamba chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 anaanza kama mwombaji mpya: apate mafunzo na cheti chake, achunguzwe, aeleze anaitakia nini, aonyeshe ataitunza wapi. Kaka amepanga chumba na sebule Mbagala, na watoto wanne. Aitunze wapi? Nilimwona anavyohesabu kichwani, halafu akaacha kuhesabu. Iko huko mpaka leo.

Sikulilia kanzu wala redio. Nililia pale kaunta askari aliposoma namba ya bunduki kwa sauti ili mwenzake aandike, maana baba alikuwa akiitumia namba hiyo kama neno la siri la kila kitu chake. Tulikuwa tunaijua nyumba nzima.

Mzee wa Itigi, unauliza watu waliachaje. Nakujibu kuwa mjomba wako ndiye aliyeacha vizuri kuliko wote walioandika hapa. Alirudisha leseni akiwa hai, anatembea, na aliyemtaka akaomba yeye akiwa bado yupo wa kumwelekeza. Wewe umeshajua ni nani? Maana uchungu wa mtutu nimeusoma, wa nani atafuata sijauona.

Dogo wa Sinza

Dada umetuua.

Mzee wa Itigi

Mama Kiluvya, nimekusoma nikatoka nje kutembea. Nitarudi kukujibu.

Mchaga wa Pennsylvania

Huku niliko, Marekani, mambo ni tofauti kabisa na hayo ya Mama Kiluvya, na sijui kama ni bora.

Nimeoa hapa, kwenye wilaya ya milima na mashamba ya maziwa. Msimu wa kulungu ni sikukuu kamili. Zamani ulianza Jumatatu baada ya siku ya Shukrani na shule nyingi za vijijini zinafungwa, kwa sababu hata walimu hawapo. Tangu 2019 unaanza Jumamosi, na wazee bado wananuna. Mtoto akifika miaka 12 na amemaliza kozi ya usalama anapata leseni yake, na mara nyingi bunduki anayoshika ni ya babu. Winchester 94 ya .30-30 utaikuta karibu kila ukoo, ile ya kukokea kwa wenzo wa chini, ilianza kutengenezwa 1894. Bunduki ndefu, baba anampa mwanawe mezani jikoni, hakuna karatasi wala kaunta.

Baba mkwe alinipa ya kwake ya kwanza nilipomaliza kozi. Nilidhani ni zawadi. Kumbe nimewekwa kwenye foleni. Kila mwaka ananiuliza kama nimeipaka mafuta, na shemeji zangu wananiangalia kama mtu aliyekalia kiti cha mwenyewe. Ikipotea leo, ndoa yangu itasalimika, ukwe hautasalimika.

Ubaya wake nao nimeuona. Kwa vile hakuna kaunta, hakuna anayelazimika kuamua. Kabatini kwa jirani yetu mjane kuna bunduki za waume na mababu, hajui ipi ina risasi, na wajukuu wanaingia na kutoka. Polisi wenu wanaosoma namba kwa sauti, nimewatamani siku hiyo.

Bin Saadi, Maskati

Assalaam alaykum. Mie nimezaliwa Unguja, nimekulia huku Oman. Majumbani kwetu bunduki kongwe zinatundikwa barazani, Martini za Kiingereza zimevishwa pete za fedha, na harusini wazee wanazicheza na kuzirusha juu kwenye razha, ngoma yetu. Mtu anaweza kuuza gari, ile hauzi.

Ila nakupeni upande mwingine. Oryx, yaani choroa, mweupe wa jangwa letu, wa mwisho aliyekuwa porini alipigwa mwaka 1972 huko Jiddat al-Harasis. Hawakumalizwa na wazee wa ngamia na Martini ya risasi moja. Walimalizwa kwa magari na bunduki za kufyatua mfululizo. Ikabidi warudishwe kutoka mabustani ya wanyama ya nje, wakaachiwa jangwani tena 1982. Kwa hiyo nikisikia Mzee wa Itigi anasema hajui kupiga risasi ya pili haraka, mie sioni kuwa ni mapenzi ya chuma kikongwe tu. Chuma kile kilikuwa na adabu ndani yake. Hii mipya haina, adabu inabidi uilete mwenyewe.

Fundi Mtutu

Bin Saadi, nakubali nusu. Risasi moja haikumzuia aliyetaka kumaliza. Pembe za ndovu zilikwisha maeneo mengi kwa magobore hayohayo. Adabu ilikuwa ya mtu.

Mjukuu wa Urambo

Na soko. Tusisahau soko.

Mzee wa Itigi

Wakuu, nimerudi na majibu.

Kwanza ya Fundi. Dawa ya shaba nimeipata, imeletwa na mtu kutoka nje. Kitambaa cha kwanza kilitoka bluu ya wino. Cha pili bluu. Nilikaa na mtutu ule jioni baada ya jioni, na mke wangu akawa anasema maneno yaleyale ya mkaza mjomba, sijui waliambizana. Kilipotoka cheupe nikafanya jaribio la pamba: imenasa upande wa chini, mahali pamoja. Fundi mwenye leseni akauchonga ukingo. Skrubu ya mbele ya kitako ilikuwa inazunguka kwa vidole.

Nimekwenda uwanja wa shabaha. Haijarudi kwenye kizibo cha soda, nisiwadanganye. Inakaa ndani ya mfuniko wa kopo la maziwa ya unga, lile dogo. Kwa swala wa mita themanini, hiyo ni nyama. Kijana wangu alikuwepo. Hakusema kitu, akaomba apige na yeye, msimamizi wa uwanja akamkatalia kwa kuwa hana cheti. Nikafurahi kidogo.

Ya Mstaafu wa Pori: nimefanya mazoezi ya gizani na .375 tupu. Kidole kinakubali nikiwa nimetulia. Nikijishtua makusudi, kinavuta nyuma. Kwa hiyo nimeamua nyati basi. Bunduki itakayoondoka ni .375, na si hii. Dogo wa Sinza ataona nimekwenda kinyume, lakini hesabu ya usalama ndiyo imeniambia hivyo, siyo mapenzi. Au tuseme safari hii vimekubaliana.

Ya Mama Kiluvya ndiyo iliyonilaza macho. Ni kweli nilikuwa nalia mtutu kwa sababu mtutu una dawa. Nimeita wanangu. Wa kwanza hataki silaha ndani ya nyumba yake, na ana haki. Wa pili anataka gari la porini na picha. Nilikuwa nimeshafunga kikao ndipo binti yangu wa mwisho, yuko Dodoma, mtumishi wa maabara, akauliza, "Mimi hamniulizi?" Huyu ndiye aliyekuwa akinifuata na kibuyu cha maji. Sikuwa nimemhesabu. Ameshaanza kuulizia mafunzo na fomu, na nyumba yake ina chumba chenye mlango wa chuma. Akifaulu uchunguzi nitakwenda kurudisha leseni kwa miguu yangu, kabla macho hayajanilazimisha.

Mama Kiluvya

Mungu akupe afya uyaone hayo. Andika na wosia, hata kama unasema utatembea mwenyewe. Na msimamizi mchague asiyeogopa kikao.

Mwana Nanyuki

Mpimie kitako kwanza. Mikono ya binti ni mifupi kuliko ya mjomba. Isipokaa begani, yote haya ni bure.

Fundi Mtutu

Kweli kabisa. Kitako kinapunguzwa, lakini Mzee usiruhusu akikate mtu kwa msumeno wa mlango. Kipande kitakachotoka kitunzwe, kinaweza kurudishiwa.

Mstaafu wa Pori

Swali langu ni moja. Huyo binti atajifunzia bunduki gani? Maana akianza na Brno, kidole chake nacho kitakuwa cha kuvuta nyuma maisha yote.

Mzee wa Itigi

Nimeliwaza hilo. Mwalimu wa uwanjani ataanza naye kwa bunduki za pale, za kusukuma mbele kama za watu wote. Brno ataigusa leseni ikitoka, akiwa amezoea dunia ilivyo.

Mstaafu wa Pori

Hapo atachanganyikiwa kinyume chako. Badilisha kufuli. Fundi, si inawezekana?

Fundi Mtutu

Kuna za kubadilisha za kwenda mbele, zilitengenezwa na watu kwa ajili ya Brno hizo. Kuipata ndiyo kazi. Mzee, utakubali tuguse kufuli ya mjomba?

Mzee wa Itigi

Itafute. Bei nitumie kwa ujumbe wa siri, mke wangu anausoma uzi huu.